Bibi Yangu Hakuomba Kitu

Juzi nilikutana na mwalimu wangu wa Kihispania sokoni Bariadi, nikampita bila kumsalimia. Kama unatoka pande zetu unajua uzito wa jambo hilo. Kwetu Usukumani mtu aliyekuzidi umri unamsalimia hata kama jana mmegombana. Unainama kidogo, unasema mwadila, ugomvi wenu unaendelea baadaye. Mimi sikuinama. Alikuwa amesimama kwenye matikiti, amenenepa, funguo za gari zinaning'inia kidoleni, na alinitambua kabla sijageuza uso.

"Binti! Umenisahau? Si mimi niliyekufundisha?"

"Sijakusahau," nikamwambia. "Ndiyo shida yenyewe."

Nikaenda zangu. Mama muuza nyanya aliyetusikia akaguna, akasema, "Wasomi wa siku hizi hawana adabu!" Acha agune. Yeye hajui, na wewe rafiki yangu hujui bado, kwa hiyo kaa nikusimulie, maana nimelibeba jambo hili tangu mwezi uliopita na limenichosha.

Nililelewa Nkololo, kwa bibi mzaa mama. Mama yangu alikuwa anauza vitenge sokoni Bariadi, amepanga chumba kimoja, na chumba kimoja cha mjini si mahali pa mtoto anayependa kukimbia. Nikapelekwa kijijini kama walivyopelekwa wengi wetu, wala hakuna aliyeona ajabu. Mama alikuja karibu kila mwisho wa mwezi na basi la jioni, ana mkate, ana sukari, ana kipande cha kitenge kilichobaki kwenye jora. Tulilala watatu kitanda kimoja, mimi katikati, nikimnusa mama shingoni. Alinukia nguo mpya.

Asubuhi ilianza na ufagio. Nilifagia uwanja wote kabla jua halijachomoza, na ole wangu bibi akikuta jani. Halafu maji. Wakati wa kiangazi mto wetu haukuwa na maji ya kuonekana. Tulichimba mchangani kwa kata ya kibuyu, tukasubiri yajikusanye, tukayateka polepole yasichafuke. Nikirudi nakuta bibi ameketi kwenye kigoda anatikisa kibuyu cha maziwa, kwata, kwata, kwata, mpaka siagi ijitenge. Chai tulikunywa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Unakitia kinywani, unakinyonya kwanza, kisha ndipo unatafuna, na karanga pembeni. Mchana ugali wa mtama na mlenda. Jioni maziwa. Miguu yangu haikuwa na viatu kwa sababu viatu vilikuwa vya kanisani, na nisikudanganye, nilivichukia hata huko kanisani.

Ng'ombe ni habari ndefu kidogo. Babu alipofariki aliacha ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona wote pamoja, kwa sababu hawakukaa pamoja. Wachache walikuwa kwetu, wengine kwa mjomba ng'ambo ya mto, wengine kwa rafiki yake huko Mwamanyili, na watu hao waliwatunza na kunywa maziwa yao. Ndivyo wazee walivyofanya. Ugonjwa ukiingia boma moja usimalize wote, na jicho la mtu likiingia lisione wote. Bibi alinikanya mapema: ng'ombe hawanyooshewi kidole, hawahesabiwi, wala hawatajwi mbele ya mgeni. Ukiulizwa kama kwenu kuna ng'ombe, tazama chini, nyamaza, mkubwa atajibu. Niliulizwa, nikatazama chini, na watu wakamsifu bibi kwamba anajua kulea.

Sasa huyo mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa kijana wa jirani, mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na ni bibi yangu aliyemchukua, akamkuza kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Alijifunza kutembea ameshika kigoda cha bibi. Alimwita mayu, yaani mama, na mimi nilikua nikijua kwamba ni wa kwetu. Alipopata ujana akaenda Lamadi, akapata kazi jikoni kwenye kambi ya watalii, mwenye kambi Mhispania. Akakaa miaka. Aliporudi alikuwa na kofia, redio, na lugha ambayo Nkololo nzima haikuwahi kuisikia.

Akatukusanya watoto kwenye ghala la pamba. Msimu wa kununua pamba ukiisha ghala hubaki tupu, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye matofali, harufu ya dawa ya kupulizia haitoki hata ufungue milango yote. Tulikaa juu ya magunia. Kitabu hakikuwepo. Ubao ulikuwa mlango wa bati, chaki ilikuwa muhogo mkavu. Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja tu: anakunyooshea fimbo ya mtama, anakuuliza, "Jana ulifanya nini?" Nawe unasimama unasema ulichofanya, akiwa amekupa neno. Barrí, nilifagia. Fui al río, nilienda mtoni. Comí, nilikula. Bebí leche, nilikunywa maziwa. Dormí con mi abuela, nililala na bibi yangu. Nilipomwambia jana nilikamua, alikwama, akakuna kichwa chini ya kofia, maana watalii hawakamui. Akaja na neno hilo baada ya wiki, ordeñé, na tukalishangilia kwa makofi.

Tulivipenda vile vipindi, jamani. Tulikuwa watoto wa Kisukuma, r na l zetu zinagombania kiti kimoja, na yeye anatutaka tuizungushe r kama pikipiki inayokataa kuwaka. Tulicheka mpaka tukaanguka kwenye magunia. Lakini ile ñ yao, yaani ny yetu, tuliikuta iko nyumbani siku zote, kila mtu akaitamka bila jasho. Tulijua agua, fuego, piedra, vaca: maji, moto, jiwe, ng'ombe. Kuku wa ghalani alipokanyagwa na trekta, mwalimu akatufundisha hapo hapo: la gallina murió, kuku alikufa. Hatukufika kwenye leo wala kesho. Kihispania chetu kilijua jana tu.

Jioni nilimsomea bibi masomo yangu huku anatikisa kibuyu. "Maziwa wanayaitaje?" Nikamwambia leche. "Wana neno la maziwa?" akashangaa kwa furaha. "Basi ni watu kama sisi." Akawa anataka kila neno. Wana neno la ufagio? La jivu? La mkwe? Nikawa namuuliza mwalimu, naleta majibu. Bibi alikuwa hajui kusoma hata jina lake, lakini alishika maneno ya Kihispania kama mtu anayeweka akiba ya chumvi. "Siku wakija," aliniambia, "wewe utawaeleza tunavyoishi. Wasije wakadhani wamefika porini."

Unaona nilichokabidhiwa? Si wimbo wa kukariri. Nilikabidhiwa nyumba yetu, niieleze.

Wakaja kweli, na magari mawili, wazungu wazee kwa vijana, wanawake wengi. Kabla yake mwalimu alipita kwa bibi akampangia mambo. Bibi alikuwa ameshatenga mbuzi wa kuchinja. Mwalimu akamwambia, "Mayu, usichinje. Matumbo ya hawa hayapokei nyama ya kwetu." Bibi aliumia. "Mgeni aondoke kwangu hajatafuna nyama?" Akamsihi, bibi akakubali shingo upande. Akamwambia pia awapokelee kule nyuma kwenye jiko la nyasi, si mbele kwenye nyumba ya bati, eti kuna kivuli. Akasema ng'ombe watoke mapema, harufu ya boma inawasumbua watu wa Ulaya. Yote tulifanya. Alikuwa mtoto wa nyumbani, tungemkatalia nini?

Ghalani nilisimama wa kwanza. Nilivaa gauni langu la kazi kwa sababu mwalimu alisema tuvae vya kila siku. Nikasema yote bila kukwama: jana nilifagia, jana nilienda mtoni, nilichimba mchanga, nilikula viazi, nililala na bibi yangu kwenye ngozi ya ng'ombe. Ile ngozi niliitaja kwa kujivuna, ilikuwa ya dume la babu, nilizoea kulala juu yake mchana wa joto. Wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza jambo, nikasikia vaca, ng'ombe, nikajua ameuliza kama tunao. Nikatazama chini, nikanyamaza. Mkubwa akajibu. Mwalimu alijibu kwa maneno machache, na yule mama akaweka mkono kifuani.

Kisha tukaenda kwa bibi. Nikapiga magoti kuwanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, jagi na beseni, kama nilivyofundishwa. Yule mwenye miwani alijaribu kuniinua, mimi nikang'ang'ania chini, maana kumnawisha mgeni umesimama ni ushenzi. Bibi akasimama, akajifunga kitenge kipya alicholetewa na mama, akasema kwa Kisukuma, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Karibuni. Mmefika kwenye nyumba yenye maziwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi leo nimepona. Kunyweni. Mkirudi kwenu wasalimieni mama zenu, muwaambie mlipofika kwetu hamkukosa kitu."

Mwalimu akatafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko bibi alivyosema. Mimi niliganda pembeni na jagi langu, natega sikio, na kwenye mvua ile ya maneno nikadaka mawili niliyoyajua: madre. Murió. Mama. Alikufa. Nikawatazama wageni. Walikuwa wanalia. Yule mama mwenye miwani alinikumbatia kwa nguvu hadi miwani ikanigonga sikio. Bibi naye akanong'ona, "Maskini. Wamewakumbuka mama zao."

Walipoondoka nilimfuata mwalimu hadi kwenye mti wa kufungia ndama. "Mwalimu, nani alikufa?"

Alinitazama kidogo. Akachuchumaa, akanishika bega. "Niliwaambia habari za mama yangu mimi," akasema. "Kwamba alikufa, na bibi yako akanilea. Nilitaka wajue bibi yako ni mtu gani."

Haki ya Mungu, nililia pale pale. Nilikimbia nikamwambia bibi. Akaacha kuosha vikombe, akakaa kwenye kigoda, akajifuta macho kwa pembe ya kile kitenge. "Hakunisahau," akasema. "Mtoto yule hakunisahau." Alilirudia kwa majirani, kisimani, kanisani, kwa mama alipokuja mwisho wa mwezi. Nadhani ndilo jambo lililompa furaha kubwa kuliko yote niliyowahi kumwona akifurahia.

Baada ya hapo wageni wakazidi, lakini hawakuletwa tena kwetu. Mwalimu akahamia Bariadi, akajenga, akawa na kituo cha watoto, watu wakasema ana bahati na wazungu. Darasa la ghalani likafa lenyewe. Bibi hakulalamika, alisema mtoto akikua huenda. Alikufa mimi nikiwa sekondari, tukamzika pembeni ya babu, na mwalimu alikuja msibani akalia kuliko wote. Nilimpelekea mimi mwenyewe maji ya kunawa.

Kile Kihispania cha jana sikukiacha kipotee. Nilikiongezea kwenye simu, kwenye redio, kwa watalii, nikakifikisha leo na kesho. Ndicho kilichonipatia kazi mapokezi, kwenye hoteli ndogo pale Lamadi, barabara kuu, wanapopumzika watu wanaokwenda Serengeti. Kwa hiyo usidhani sijui ninachodaiwa. Kila ninapokula, nakula maneno yake.

Mwezi uliopita akaja mama wa Kihispania, mzee, na mjukuu wake. Alifurahi sana kunisikia naongea lugha yake. Asubuhi mjukuu bado amelala, tukakaa barazani na chai, akaniambia kwamba hii si mara yake ya kwanza huku. Alikuja zamani na watu wa kanisa lao, wakaenda kijiji kimoja ndani huko, kulikuwa na ghala la pamba. Akasema kuna mtoto wa kike hajawahi kumtoka moyoni. Na akanisimulia, kwa Kihispania kizuri, kila kitenzi mahali pake, ile jana yetu tuliyofundishwa.

Mtoto yule hakuwa na mama. Mama alikufa. Alilala kwenye ngozi chini kwa sababu hakukuwa na kitanda. Alikunywa maji aliyochimba mchangani. Alikula viazi vikavu kwa sababu hakukuwa na kingine. Walipomuuliza kama wana hata ng'ombe mmoja, mtoto akainamisha kichwa kwa aibu. Alipiga magoti mbele yao, na hakukubali kuinuliwa. Na bibi yake alisimama akawaomba. "Nos pidió," alisema, akajifuta macho, "alituomba tusimwache. Alisema yeye atakufa karibuni na mtoto hatabaki na mtu."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Sikuwa na haja ya mkalimani. Kila neno lililoniulia mama yangu nilifundishwa na mwalimu yule yule aliyemuua kwa maneno.

Nikamwambia, "Mtoto huyo ni mimi."

Akanitazama, akaruka kunikumbatia, akalia, akanishika mashavu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamketisha, nikamwambia yote. Mama yangu yu hai, yuko Bariadi, anauza vitenge, kila siku ananipigia simu kuniuliza nimekula nini. Kitanda kilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo, wengi, na nilitazama chini kwa sababu ya malezi, si aibu. Magoti yalikuwa heshima yako wewe. Na bibi hakuomba kitu. Nikasimama, haki vile, nikasimama barazani mwa hoteli kama nilivyosimama ghalani, nikayasema maneno ya bibi kwa Kihispania, moja baada ya jingine: Karibuni. Mmefika kwenye nyumba yenye maziwa. Nilisubiri miaka yote hiyo bila kujua kwamba nasubiri. Nilifika mpaka kwenye wasalimieni mama zenu, nikamaliza.

Nikadhani sasa nimeshusha mzigo. Nikadhani atacheka, au atalia upya, au atamkasirikia mwalimu pamoja nami. Yeye alizungusha kijiko kwenye chai iliyokwishapoa. Akasema kila mwaka siku ya marehemu amekuwa akiwasha mshumaa kwa ajili ya mama yangu. Amewafundisha wajukuu wake jina la kijiji chetu. Amewasimulia mezani, wasiache chakula, wamkumbuke mtoto yule. Kisha akaniangalia, taratibu, kama mtu anayekagua noti.

"¿Está usted segura?" akaniuliza. Una uhakika?

Yaani nina uhakika kwamba mama yangu hajafa! Nikachukua simu nimpigie mama pale pale, asikie sauti. Akanizuia kwa mkono, kwa upole. Akasema hapana haja, nisijisumbue. Mjukuu akashuka, wakala, wakapanda gari kwenda mbugani. Njia nyingine waliondokea, hawakupita tena Lamadi. Aliniachia bahasha mapokezi, nikaitia kwenye sanduku la kanisa bila kuifungua.

Wiki iliyofuata nikaenda Nkololo. Nyumba ya bati kaichukua mjomba, jiko la nyasi limeanguka zamani, ghala wameligeuza stoo ya mahindi. Hayo hayaniumizi, vitu huisha. Matobolwa bado yanauzwa Bariadi, nilikuwa nimenunua fungu njiani, nikaketi kwenye kaburi la bibi nikatia kimoja kinywani. Nikakinyonya kwanza. Na badala ya ladha nikasikia sauti ya yule mama: alikula viazi vikavu kwa sababu hakukuwa na kingine. Hilo ndilo aliloniibia mwalimu. Hata nikikumbuka peke yangu, bila mtu, naanza kujitetea.

Nilitaka kumwambia bibi. Nilifungua kinywa. Lakini yeye alikufa anajua kwamba kuna mtoto aliyemnywesha maziwa, naye mtoto hakumsahau, na mimi ningempa nini badala yake? Nikamung'unya kile kiazi mpaka kikaisha, nikang'oa majani kidogo, nikaondoka.

Nikifumba macho naona nyumba fulani huko Hispania, siijui hata mji wake. Watoto wamekaa mezani, bibi yao anawasimulia. Na bibi yangu mimi, mwenye kitenge kipya, amesimama katikati ya chumba chao, mkono ameunyoosha, anaomba. Hajawahi kuomba maishani mwake, na sasa haachi.